Margarita Aliyefichwa Nyuma ya Picha: Maisha ya Rita Hayworth



Hapa tumezoea kusoma maisha ya watakatifu. Leo nawaletea mtu ambaye Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na wala sitegemei litamtangaza. Aliolewa mara tano na ndoa zote tano zikavunjika. Magazeti ya wakati wake yalimpa jina la mungu wa kike wa mapenzi. Jina hilo peke yake linatosha kumshtua Mkatoliki yeyote anayeijua Amri ya Kwanza, si ndiyo?

Lakini nimeona nimwandike. Kwenye semina za vijana nawasikia mabinti wakihesabu kasoro za miili yao kama mtu anavyohesabu madeni: ngozi, kiuno, pua, nywele. Na kaka zao nao siku hizi hawajambo, wanahesabu vifua na mikono. Ukiwauliza wanajilinganisha na nani, wanakuonyesha picha kwenye simu: mwigizaji fulani, bango la tamthilia fulani. Basi ngoja niwasimulie kuhusu mwanamke aliyekuwa ndani ya picha za namna hiyo, zamani kabla ya simu na kabla ya filta. Huenda ukimjua yeye, picha zile zitapungua nguvu kidogo.

Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1918 huko Brooklyn, New York, Marekani. Wazazi wake walimwita Margarita Carmen Cansino. Baba yake, Eduardo, alikuwa mcheza dansi kutoka Hispania. Mama yake, Volga Hayworth, naye alikuwa msanii wa jukwaani. Nyumba yao ilikuwa ya dansi. Mtoto alianza kufundishwa mapema mno, na watu waliomfahamu walisema alikuwa mpole, mwenye haya, wa maneno machache.

Alipofika umri wa kuanza ujana tu, baba yake alimfanya mwenzake wa jukwaani. Familia ilikuwa imehamia California, na kwa kuwa alikuwa bado mdogo kisheria kufanya kazi kwenye kumbi zenye pombe, walivuka mpaka kwenda kucheza Tijuana, Mexico. Nywele zake zilikuwa za kahawia. Wakazitia rangi nyeusi ili aonekane Mhispania kamili na aonekane mkubwa kuliko umri wake. Hapo ndipo mwili wake ulipoanza kurekebishwa ili uuzike, na jamani, alikuwa bado mtoto.

Watu wa sinema wakamwona huko huko. Mwaka 1935 alikuwa tayari anaonekana kwenye filamu kwa jina la Rita Cansino, akipewa vijisehemu vya msichana wa kigeni. Mwaka 1937 akaingia mkataba na kampuni ya Columbia, iliyoongozwa na Harry Cohn. Mwaka huo huo, akiwa na miaka 18, akaolewa na Edward Judson, mwanaume aliyemzidi umri kwa mbali sana na aliyejifanya pia meneja wake.

Sasa sikia walichofanya. Waliona jina Cansino ni la Kihispania mno, litamfungia milango. Likaondolewa, akapewa jina la ukoo wa mama yake, Hayworth. Nywele zilizokuwa zimetiwa weusi zikageuzwa nyekundu. Kisha wakaona nywele zake zimeshuka mno kwenye paji la uso. Dawa yake ilikuwa umeme: sindano nyembamba inaingizwa kwenye shina la unywele mmoja, umeme unapita, shina linakufa. Halafu unywele wa pili. Halafu wa tatu. Ni kazi ya maumivu, na ilichukua muda mrefu, mpaka paji la uso likawa pana kama walivyotaka.

Fikiria kidogo. Mwanzoni alipakwa weusi ili aonekane Mhispania zaidi. Baadaye alipakwa wekundu na kuchomwa nywele ili asionekane Mhispania kabisa. Mwili ni ule ule, msichana ni yule yule. Kilichobadilika ni mahitaji ya soko.

Na baada ya mwili kurekebishwa, picha nayo ikarekebishwa. Wengi tunadhani picha za kudanganya zimeletwa na kompyuta. Hapana. Kampuni za sinema za Hollywood zilikuwa na mafundi ambao kazi yao ilikuwa hiyo tu. Walichukua negativu, ule mkanda ambao picha husafishwa kutoka kwake, wakaufanyia kazi kwa penseli iliyochongwa vizuri na kwa kisu chembamba. Walifuta mikunjo ya shingo, madoa, vivuli chini ya macho. Walikuwepo pia waliotumia kijibomba kidogo kinachopuliza wino kwa hewa, wakalainisha ngozi hadi ikakosa hata tundu moja la jasho. Picha ikitoka hapo ndiyo inapelekwa kwenye magazeti na mabango. Yaani hata mwigizaji mwenyewe, akijitazama kwenye kioo asubuhi, hakufanana nayo.

Mwaka 1941 gazeti la Life lilichapisha picha ya Rita akiwa amepiga magoti kitandani na nguo ya kulalia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaendelea, na Marekani ilipoingia vitani askari waliibandika picha hiyo kwenye makabati yao na kwenye meli. Nakala zake zilihesabiwa kwa mamilioni. Kisha mwaka 1946 ikaja sinema ya Gilda, iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Matangazo yalinadi kwamba haijawahi kutokea mwanamke kama Gilda.

Na kweli hakuwahi kutokea! Sauti inayoimba kwenye nyimbo za Gilda si ya Rita, ni ya mwimbaji mwingine aitwaye Anita Ellis. Lile gauni jeusi maarufu lilishonewa vifaa vya kukaza na kushikilia mwili kwa ndani, kazi ya mbunifu Jean Louis. Rita mwenyewe alikuwa mama. Binti yake wa kwanza, Rebecca, alizaliwa Desemba 1944, na sinema ilipigwa mwishoni mwa mwaka uliofuata. Lakini mama mwenye mtoto mchanga hakutakiwa kwenye bango. Alitakiwa Gilda.

Kuna jambo moja la mwaka huo ambalo kila nikilifikiria linaniumiza. Tarehe 1 Julai 1946 Marekani ilijaribu bomu la atomiki katika kisiwa cha Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki. Bomu lile lilipewa jina la Gilda na likabandikwa picha ya Rita. Mume wake wa pili, mwongoza filamu Orson Welles, alisimulia baadaye kwamba Rita alipata hasira kali sana kwa jambo hilo, akataka kuliongelea hadharani, lakini bosi wake hakumruhusu. Uso wake ulikuwa umeshakuwa mali ya wengine. Waliubandika walipotaka, hata kwenye chombo cha kuua.

Hata nywele hazikuwa zake. Welles alipoagiza zile nywele ndefu zikatwe na kutiwa rangi ya dhahabu kwa ajili ya filamu ya The Lady from Shanghai, Cohn alikasirika sana. Unaelewa? Kichwa ni cha Rita, aliyeagiza zikatwe ni mumewe, lakini mwenye hasara alikuwa mwenye kampuni.

Rita alitafuta sana kupendwa. Mwaka 1949 aliolewa Ufaransa na Aly Khan, mtoto wa Aga Khan wa Tatu, kiongozi wa Waismailia. Hilo ni jina mnalolijua kwenye hospitali na shule za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Akamzaa binti wa pili, Yasmin. Ndoa hiyo nayo ikavunjika mwaka 1953, na mbili zilizofuata hazikudumu. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba wanaume walimpenda Gilda, na walipoamka wakamkuta Rita, walivunjika moyo. Siwezi kuzitetea ndoa tano, na Kanisa linafundisha wazi kuhusu ndoa. Lakini nauliza tu: mtu aliyeuzwa kama picha tangu utotoni, angejifunzia wapi kupendwa kama mtu?

Halafu ukaja uzee, na picha haizeeki. Hilo ndilo balaa lake. Gilda alibaki na miaka yake ile ile kwenye bango, Rita akaendelea kuhesabu yake. Akaanza kusahau maneno ya kuigiza. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1972. Mwaka 1976 alifika uwanja wa ndege wa London akiwa amechanganyikiwa, nywele zimevurugika, haelewi vizuri alipo. Wapiga picha walikuwepo. Safari hii hapakuwa na fundi wa kufuta chochote. Magazeti yalichapisha ule uso, na watu wakasema ni pombe tu. Ni kweli pombe ilikuwa tatizo lake, lakini kulikuwa na kingine ambacho hakuna aliyekijua bado.

Tazameni picha hizo mbili, ya 1941 na ya 1976. Ya kwanza ilimfanya kuwa mungu, ya pili ikamfanya kichekesho. Zote mbili ziliuzwa. Na katika zote mbili hakuna aliyeuliza huyu mama anajisikiaje.

Mwaka 1980 madaktari walitambua kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaokula kumbukumbu na akili kidogo kidogo. Mwaka 1981 mahakama ilimkabidhi Yasmin jukumu la kumtunza mama yake. Yasmin akamchukua New York, akakaa naye karibu. Hapo hapakuwa tena na nywele nyekundu wala gauni jeusi. Kulikuwa na mgonjwa anayehitaji kulishwa na kuvalishwa, ambaye polepole alikuwa anasahau hata yeye ni nani. Ule urembo wote ambao watu walitajirika kwao ulikuwa umekwisha, na ni wakati huo ambapo mtu alikaa naye bila kutaka chochote kutoka kwake.

Rita alifariki tarehe 14 Mei 1987, akiwa na miaka 68. Ibada ya mazishi ilifanyika katika kanisa Katoliki la Good Shepherd, yaani Mchungaji Mwema, huko Beverly Hills, na akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross, Msalaba Mtakatifu. Kwa kuwa ugonjwa wake ulitangazwa wazi, watu wengi walianza kuuelewa ugonjwa uliokuwa ukifichwa majumbani kwa aibu. Yasmin aliendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa na utafiti. Kwa hiyo uso uliotumika kuuza sinema, hatimaye, katika unyonge wake, ukawasaidia wagonjwa wa kweli.

Vijana wenzangu, mnamkumbuka nabii Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese kutafuta mfalme? Alimwona Eliabu, mrefu na wa sura nzuri, akadhani ndiye. Mungu akamkatalia, akamfundisha kwamba jicho la mwanadamu linaishia usoni ila la Mungu linafika moyoni. Mvulana aliyechaguliwa alikuwa porini na kondoo, na baba yake hakuwa hata amemwita. Na msisahau, Maandiko yanasema Daudi naye alikuwa mzuri wa sura. Urembo si dhambi. Mungu ndiye aliyeuumba, na kujipenda na kuvaa vizuri kwenda Misa ni jambo jema. Dhambi ni kumchukua mtu, kumkata vipande, na kukiuza kila kipande kwa bei yake. Na ninapoutazama mwili wangu kwa chuki kwa sababu haufanani na bango, nami ninajiweka kwenye soko lile lile.

Kwa hiyo wiki hii naomba tufanye mambo matatu. La kwanza: ukikutana na picha ya mwigizaji inayokufanya ujione huna thamani, simama kidogo umwombee huyo mwigizaji. Si ajabu hata yeye hafanani nayo. La pili: usimcheke mtu kwa picha yake mbaya, wala usiisambaze. La tatu: katika jumuiya yenu yupo bibi au babu ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Nenda ukakae naye nusu saa, umwite kwa jina lake.

Tusali:

Ee Bwana, uliyetuumba kwa mfano wako na kutuita kwa majina yetu katika ubatizo, tunakuomba kwa ajili ya Margarita na wote waliouzwa kama picha. Wape pumziko la milele. Utuponye na chuki tuliyo nayo kwa miili yetu, na utufundishe kuwatazama wenzetu kama unavyotutazama wewe. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Mama wa vijana, utuombee. Dominika njema!