Herri met de Bles, mutu aliyechora wachimbaji wa mukuba

Mara kwa mara, ku minada mikubwa ya Ulaya, wanauzisha picha ya zamani ya Flandre: milima ya mawe, muto, njia ndefu, na watu wadogo wadogo kule chini. Wenye makuta wanaikaribia, wanainama, wanaanza kutafuta ndege mumoja: bundi. Wakimuona amejificha mu tundu ya jiwe ao mu muti, jina moja linawaingia mu kichwa: Herri met de Bles. Ndugu wasomaji wa mugodi, huyu mutu anafaa tumujue.

Alizaliwa karibu ya mwaka 1510 kule Bouvignes, muji mudogo pembeni ya muto Meuse, mu inchi yenye leo tunaita Ubelgiji. Ngambo ya pili iko Dinant. Hiyo miji mbili ilikuwa inashindana kwa kazi moja: kufua mukuba na shaba ya manjano, kutengeneza vyungu, sahani na vinara vya kanisa. Mukuba wenyewe ulikuwa unatoka mbali, kwa Wajerumani. Mu mwaka 1466 majeshi ya Bourgogne yalivunja Dinant, na mafundi wengi wakakimbia. Herri alikomalia mu eneo lile, katikati ya mawe marefu yenye kusimama juu ya maji na watu wenye kuishi kwa moto na nyundo.

Jina lake si jina la ukoo. Met de Bles, kwa Kiflama, ni kusema mwenye alama nyeupe: alikuwa na nywele nyeupe kidogo hapa ku paji la uso. Kisha alienda Anvers, bandari kubwa yenye makuta. Mu 1535 chama cha wachoraji kule kiliandika mu kitabu chao mutu mumoja jina Herri de Patinir. Wachunguzi wengi wanasema njo yeye, na kwamba alikuwa wa jamaa ya Joachim Patinir, fundi mukubwa wa picha za milima, aliyekufa mu 1524.

Ile wakati, wachoraji wengi walikuwa wanaweka watakatifu mbele, na inchi nyuma. Patinir na Herri waligeuza ile mambo: inchi ikakuwa kubwa, na habari ya Biblia ikabaki kadogo mu kona. Lakini Herri aliongeza kitu kingine. Mu milima yake alitia kazi. Iko picha yake ku Firenze, mu nyumba ya Uffizi, inayoonyesha mugodi wa mukuba: wamoja wanachimba, wengine wanabeba mawe, wengine wako ku tanuru kuyeyusha. Alichora tena viwanda vya chuma. Hakuwaweka wale watu kwa kupamba tu. Kila mumoja ana kazi yake, na ukifuata kwa macho unaona namna jiwe linatoka mu udongo mupaka ku moto.

Matajiri wa Italia walipenda sana picha zake. Hawakuangaika na jina lake la Kiflama. Walimuita Civetta, ni kusema bundi, juu ya ule ndege. Hapa kwetu bundi ni ndege wa kuogopesha, na kule pia hawakumupenda sana. Yeye alimufanya kuwa alama yake. Mu 1572, mu kitabu cha sura za wachoraji, walimuchora Herri mwenyewe, na bundi akiwa pembeni. Maneno ya chini yalisema kama Bouvignes ilimuzaa kwa wivu, juu Dinant ilikuwa imekwisha kumuzaa Patinir. Basi ushindani wa mukuba ukaingia hata mu picha.

Lakini bundi peke yake haitoshi. Herri alikuwa na wasaidizi, na wengine waliiga kazi yake, wakaiga hata bundi. Kwa hiyo, mbele ya mnada, wachunguzi wanaangalia kibao cha muti kujua kama ni cha miaka ile, na wanatafuta michoro iliyofichwa chini ya rangi. Kisha wanaandika: ya Herri, ao ya nyumba yake ya kazi, ao ya mutu aliyemufuata. Picha ni ile ile, lakini neno moja linaweza kushusha bei sana. Wachimbaji wetu wanajua ile mambo: jiwe ni moja, lakini bei inatoka ku mutu mwenye kupima.

Ku mnada wote wanauliza jina la muchoraji. Hakuna mwenye kuuliza majina ya wale wenye kubeba mawe. Herri hakuyaandika, lakini aliwaangalia vizuri, akawapa nafasi mu picha yake. Ndiyo maana karibu miaka 500 imepita, na bado tunawaona wako ku kazi.