Luigi Broglio na Majukwaa ya Baharini

Wesha ni bandari ya mji wa Chake Chake, upande wa magharibi wa kisiwa cha Pemba. Nahodha akitweka tanga hapo wakati wa kusi na kuelekea kaskazini, huiacha Mombasa na kisha Malindi upande wake wa kushoto, na baada ya safari ya kilomita 250 hivi huifikia ghuba ya Ungwana, nchini Kenya. Huko, mbele ya kijiji cha Ngomeni, ndiko yalikowekwa ndani ya bahari majukwaa makubwa ya chuma. Hayakuwekwa kwa ajili ya uvuvi wala biashara. Yaliwekwa ili kurusha roketi, na mtu aliyebuni kazi hiyo aliitwa Luigi Broglio.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 katika mji wa Mestre, karibu na Venice, nchini Italia. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa ofisa katika jeshi la anga, na baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha setilaiti ya kwanza duniani, iliyoitwa Sputnik. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia kama mwezi uizungukavyo. Broglio alitamani nchi yake nayo iwe na chombo cha namna hiyo. Lakini Italia ilikuwa imetoka vitani, na haikuwa na roketi yenye nguvu ya kutosha wala fedha za kuitengeneza upesi.

Basi akatafuta njia nyingine. Marekani itoe roketi yake ndogo, iliyoitwa Scout. Waitalia watengeneze setilaiti na kuirusha wenyewe. Na mahali pa kuirushia pawe baharini, karibu na ikweta. Mapatano na Marekani yalifanywa mwaka 1962. Mwaka huohuo pwani yetu ilikwisha kuingia katika kazi za anga, kwani Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 mwezi wa Februari, kituo kimojawapo cha redio kilichofuata safari yake kilikuwa Unguja.

Kwa nini karibu na ikweta? Fikiri juu ya mtu aliye ndani ya mashua inayokwenda kasi. Akitupa jiwe mbele, jiwe hilo huenda kwa mwendo wa mkono wake pamoja na mwendo wa mashua. Dunia nayo ni kama mashua. Hujizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki, mara 1 kila siku. Mzingo wake kwenye ikweta ni kilomita 40,000 hivi. Gawanya kwa saa 24, utaona kwamba mtu aliyesimama kwenye ikweta huchukuliwa na dunia kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, ingawa yeye hahisi lolote. Mjini Roma, mbali na ikweta, mwendo huo haufiki kilomita 1,300. Setilaiti huhitaji mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa ili isianguke. Kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupata sehemu ya mwendo wake bure. Tena, upande wa mashariki wa Ngomeni ni bahari tupu, na vipande vya roketi vinavyoachwa njiani huanguka majini bila ya kumdhuru mtu.

Ngomeni ni kama nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Wesha ni zaidi kidogo ya nyuzi 5. Tofauti ya mwendo kati ya mahali hapo pawili ni ndogo sana.

Broglio hakujenga majukwaa mapya. Jukwaa moja, lililopewa jina la Santa Rita, lilikuwa limetumika kutafutia mafuta ya petroli. Jingine, San Marco, lilikuwa la jeshi la Marekani, nalo lilivutwa na meli kuvuka bahari hata likafika Kenya. Miguu yake ya chuma iliteremshwa mpaka ikazama katika mchanga, kama vijiti vya uzio wa kunasia samaki vinavyochomekwa katika maji ya kina kifupi. Roketi ilisimamishwa juu ya San Marco. Wahandisi walikaa Santa Rita, mbali na moto, wakaiongoza kwa nyaya za umeme zilizolazwa chini ya bahari.

Kwanza Waitalia walijifunza kazi hiyo Marekani. Huko, tarehe 15 Desemba 1964, waliirusha San Marco 1. Kisha, tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ilipaa kutoka katika bahari ya Kenya.

Setilaiti hiyo ilikuwa tufe lenye upana wa sentimita 66, na ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe. Ukizamisha kiganja majini wakati mashua inakwenda, utahisi maji yakikisukuma nyuma. Juu sana, kilomita 200 na zaidi kutoka ardhini, hewa bado ipo, ila ni nyembamba mno. Nayo husukuma kila kipitacho. Broglio alifanya ganda la nje la tufe liwe jepesi, akaliunganisha kwa mikono inayonepa na mwili mzito uliokuwa ndani. Hewa ilipolisukuma ganda, mikono ilinepa kidogo, na kunepa huko kukapimwa. Hivyo wataalamu walijua hewa ya juu ilikuwa nzito kiasi gani. Kwa maoni yetu, kifaa hiki kidogo kinastahili sifa kuliko majukwaa yote.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, Waitalia walirusha kutoka San Marco setilaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo katika nyota. Mionzi hiyo huzuiwa na hewa, haifiki ardhini, na ndiyo sababu chombo cha kuipima hakina budi kupanda juu ya hewa. Uhuru ilitusaidia kuorodhesha vyanzo 339 vya mionzi hiyo. Kimojawapo, Cygnus X-1, kiliwafanya wataalamu waamini kwamba wameona dalili za shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kukitoroka.

Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa ya Kenya. Lakini roketi na setilaiti zilikuwa za Marekani, na walioirusha walikuwa Waitalia. Wakenya waliotaka kujua zaidi ya hayo walikuwa na haki ya kuuliza.

Kutoka mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti 9 zilirushwa hapo. Baada ya hapo majukwaa yalinyamaza, na vyombo vya ardhini vya Ngomeni vikaendelea kupokea habari za setilaiti nyingine. Broglio alifariki mjini Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 89, na kituo hicho kikapewa jina lake.

Mwaka 2017 Kenya iliunda shirika lake la anga. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti yake ya kwanza, mchemraba wa sentimita 10 tu kila upande, iliachiliwa angani. Ilikuwa kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwa msaada wa chuo kilekile cha Roma alikofundisha Broglio. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata nyingine, Taifa-1, iliyobuniwa na wahandisi wa Kenya ili kuitazama ardhi na mazao yake. Iliruka kutoka California, nchini Marekani, mahali palipo mbali na ikweta kuliko Ngomeni na kuliko Wesha.