Chozi la Krapf na Tumaini la Ufufuo

Katika mazishi hapa Elburgon, kando ya msitu wa Mau, aghalabu husikika waombolezaji wakikemewa wasilie, eti aaminiye ufufuo halii. Je, rai hii ina mashiko? Hebu tuyatazame maisha ya mtu ambaye walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake, lakini si kwa msiba wake.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Ujerumani mwaka 1810, akaanza umisionari Uhabeshi mwaka 1837. Binti yake wa kwanza alizaliwa nyikani kabla ya wakati wake, akafariki. Krapf alimpa jina Eneba, yaani chozi.

Mwaka 1844 aliwasili Mombasa pamoja na mkewe, Rosine. Mwezi Juni, kwa msaada wa kadhi wa mji, alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo. Mwezi uliofuata Rosine alijifungua binti, naye akashikwa na homa. Tarehe 13 Julai akaaga dunia, na baada ya siku chache mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Walizikwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali.

Krapf alilia, wala hakuona haya kuyaandika hayo. Hata hivyo, aliwaarifu wakuu wake London kwamba kaburi lile lilikuwa mwanzo wa kazi, si mwisho. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo cha Rabai. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki kwao Ujerumani akiwa amepiga magoti katika sala.

Lugha aliyoitumikia ina la kutufunza. Neno fufuka limejengwa juu ya mzizi wa kufa, kwa kauli ile ile ya kutendua tuionayo katika funga na fungua. Hatuwezi kulitamka bila kuyagusa mauti. Kadhalika tumaini la ufufuo: halikani kifo, bali hupitia ndani yake.

Basi, mwanafunzi aliyefiwa arejeapo darasani na macho mekundu, mwalimu asimwambie kuwa imani yake ni haba. Amwache alie kwanza, kisha amsaidie kulifungua daftari lake.