Mjumbe Hauawi: Maisha ya Shaaban Robert

Miongoni mwa watu waliozaliwa katika mwambao huu wa kaskazini, ni wachache mno ambao majina yao yamesafiri mbali kama jina la marehemu Shaaban Robert. Wanafunzi hukariri beti zake, na shule na barabara zimepewa jina lake. Hata hivyo, twaona kwamba sifa tunazompa zimemvika joho la mwalimu wa lugha na adili peke yake, na kutusahaulisha kazi yake nyingine. Alikuwa raia asiye na gazeti lake mwenyewe, ambaye alijitwika wajibu wa kuwasimulia wenzake mambo ya ulimwengu, kisha akaitetea haki ya kuyasimulia.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwezi Novemba 1914, majeshi yaliyoletwa na Waingereza kutoka Bara Hindi yaliposhuka Tanga na kurudishwa baharini, yeye alikuwa mtoto asiyetimiza miaka sita. Basi ugomvi wa Ulaya ulifika nyumbani kwao kabla yeye hajajua Ulaya iko wapi. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, na mwaka huo wa 1926 akaingia ukarani katika idara ya forodha, akatumikia Pangani na vituo vingine hadi mwaka 1944.

Karani wa forodha hukaa mahali ambapo nchi hukutana na dunia. Bidhaa hupita mbele yake, na habari hupita pamoja nazo. Lakini karani Mwafrika wa zama zile aliweza kuzisikia habari hizo bila kuwa na pa kuzisemea. Hata mwaka 1945 ulipofika ndipo Waafrika wa kwanza walipopewa viti katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kabla ya hapo uwanja uliokuwa wazi kwake ulikuwa mdogo, nao ni kurasa za mashairi katika gazeti la serikali, Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923. Huko ndiko Shaaban Robert alikoanza kujulikana. Gazeti lilikuwa la watawala, lakini beti zilikuwa za wenyeji, na msomaji wa Tanga aliweza kujibizana na msomaji wa Tabora bila ya kuomba ruhusa ya kusafiri.

Hakuwa wa kwanza mwambaoni kuutumia utenzi kama chombo cha habari. Wajerumani walipoinyakua Mrima, na Abushiri bin Salim akapigana nao mpaka akanyongwa Pangani mwezi Desemba 1889, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliyatungia mambo yale utenzi, ili yasije yakasimuliwa na mshindi peke yake. Shaaban Robert aliufuata mkondo huo kwa jambo lililo kubwa zaidi. Vita vya pili vya dunia vilipotokea, alitunga utenzi wa vita hivyo, tangu mwaka 1939 hata 1945, wenye beti zipatazo 3,000. Humo alimweleza Mswahili, kwa lugha yake, jinsi mataifa yalivyoingia vitani na jinsi moto ulivyoenea.

Wapo watakaosema kwamba utenzi ule uliegemea upande wa serikali iliyomlipa mshahara. Hatukatai kwamba mtunzi aliona haki iko upande wa waliopigana na Hitler, na mpaka leo hatudhani alikosea. Lakini tuutazame utenzi huo kwa jina aliloupa. Aliviita Vita vya Uhuru. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa Uhabeshi, Bukini na Burma kwa sababu hiyo iliyotangazwa. Kumwambia mtawaliwa kwamba damu hii inamwagwa kwa ajili ya uhuru ni kumkabidhi kipimo, naye akirudi nyumbani atampimia mtawala kwa kipimo kile kile. Utenzi huo haukutoka kuwa kitabu mpaka mwaka 1967, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Lakini hoja yake iliyo wazi zaidi juu ya jambo hili imo katika Kusadikika, kitabu kilichochapwa mwaka 1951. Nchi ya Kusadikika hutuma wajumbe sita katika nchi za mbali ili waone na kujifunza. Wajumbe wale hupata taabu njiani, hurudi na habari zenye manufaa, na malipo yao huwa ni kifungo. Karama, kijana aliyeshitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, hujitetea kwa kuyasimulia masaibu yao mbele ya baraza, mpaka mfalme anatanabahi na waliofungwa wanaachiwa.

Mwenye kusoma kisa hiki kama hekaya ya watoto amekipita pembeni. Mtunzi alikuwa wakati huo mtumishi katika ofisi ya wilaya ya Tanga. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1953, serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake Waafrika kujiunga na vyama vya siasa. Na mwaka 1958 Julius Nyerere alishitakiwa na kutozwa faini kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa wilaya. Katika hali ya namna hiyo, nchi iliyo angani ilikuwa mahali salama pa kusemea mambo ya ardhini.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana deni kwake. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, katika hali duni, akafika Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri. Nyimbo za Siti zilikuwa gazeti la wasiojua kusoma, kwa kuwa ziliyataja waziwazi maonevu ya mjini. Shaaban Robert alitambua kwamba mwimbaji yule na yeye walikuwa na kazi moja.

Alistaafu mwaka 1960, akauona uhuru wa Desemba 1961, akafariki Tanga mwezi Juni 1962, umri wake miaka 53. Amezikwa Machui.

Sisi twaona kwamba njia bora ya kumheshimu si kumtaja kwenye sherehe tu. Leo mvuvi wa Pemba au wa Yambe aweza kuona kwa simu yake vita vya nchi za mbali siku ile ile vinapotokea, na aweza kusimulia ya kwao yakasikika ng'ambo. Mwaka 2018 kanuni za nchi zilimtaka mwananchi anayetoa habari katika mtandao ajiandikishe na kulipia leseni. Serikali ina haki ya kuzuia uzushi na matusi, nasi hatuwatetei wazushi. Lakini ofisa anayepokea habari asiyoipenda yampasa aulize kwanza kama ni kweli, ndipo aulize aliyeileta ni nani. Na raia naye yampasa aione taabu ya kuhakikisha kabla ya kutangaza, kwa maana mjumbe anayeleta uongo huwaharibia njia wajumbe wote wanaomfuata.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Karani wa Machui aliongeza kwa maisha yake kwamba hafungwi pia. Nchi inayowafunga wajumbe wake haizizuii habari zisiwepo. Hujinyima tu kuzijua mapema.