Margaret Hutchinson Rousseau
Margaret Hutchinson Rousseau (27 Oktoba 1910 – 12 Januari 2000) alikuwa mhandisi kemia wa Marekani, mzaliwa wa Houston, Texas.

Mwaka 1937 alipata shahada ya uzamivu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), akiwa mwanamke wa kwanza nchini humo kuipata katika fani hiyo. Utafiti wake ulihusu jinsi gesi inavyofyonzwa na kimiminika. Mada hiyo huonekana ya maabara tu, lakini kuvu itoayo penisilini haistawi ndani ya tangi isipopata hewa ya kutosha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili dawa hiyo ilikuwa ikitengenezwa kidogo kidogo katika chupa, huku majeruhi wakiihitaji sana. Rousseau ndiye aliyesanifu kiwanda cha kwanza cha kuizalisha kibiashara, kwa matangi makubwa.