G. K. Chesterton: Aliyekua Bila Kuacha Kushukuru



Ipo hoja moja ambayo vijana wengi Wakatoliki hukutana nayo wanapofika chuoni au wanapoingia kwenye mijadala ya mitandaoni. Husemwa hivi: mtoto mdogo huamini kwamba Baba Krismasi ndiye aliyemletea zawadi usiku. Akikua kidogo hugundua kwamba ni wazazi wake, naye huacha kuamini bila hata kulia sana. Basi anayemwamini Mungu ni mtoto ambaye bado hajagundua. Hoja hiyo ni fupi, inachekesha, na humwacha kijana wa watu akiona haya kufanya ishara ya msalaba mbele ya wenzake.

Yupo mtu aliyekutana na hoja za namna hii maisha yake yote, naye hakuzikimbia. Ni Gilbert Keith Chesterton, mwandishi wa Uingereza. Maisha yake yana msaada kwetu kwa sababu hakuzaliwa katika imani imara. Aliifikia taratibu, akiwa mtu mzima.

Utoto wake

Chesterton alizaliwa London tarehe 29 Mei 1874. Baba yake, Edward, alikuwa wa familia iliyofanya biashara ya kuuza na kupangisha nyumba. Mtoto alibatizwa katika Kanisa la Kianglikana, lakini dini ya nyumbani haikuwa na uzito mkubwa. Dada yake, Beatrice, alifariki Gilbert akiwa bado mdogo sana. Baadaye, mwaka 1879, akazaliwa mdogo wake, Cecil, ambaye alibishana naye kwa upendo hadi ukubwani.

Edward alikuwa fundi wa mambo madogo. Aliwatengenezea watoto wake jukwaa dogo la maigizo, lenye watu waliokatwa kwenye karatasi ngumu. Kumbukumbu ya kwanza kabisa ya Chesterton ilitoka katika jukwaa hilo: kijana mwenye ufunguo mkubwa akivuka daraja. Uzeeni alieleza kwamba hakuwahi kudanganyika. Alijua kwamba watu wale walikuwa karatasi, na kwamba aliyewakata ni baba. Kujua hivyo hakukuipunguza furaha yake hata kidogo. Tuliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji.

Kipindi cha giza

Shuleni St Paul's walimu hawakumwona kuwa mwanafunzi mwepesi. Alikuwa mrefu na msahaulifu, akichora picha pembezoni mwa vitabu. Miaka ya 1890 alisoma sanaa ya uchoraji katika shule ya Slade, London, na huko akaingia katika giza. Ilikuwa mtindo wa wasomi wa wakati ule kuona kwamba maisha hayana maana. Yeye alikwenda mbali zaidi, akafika mahali pa kujiuliza kama kweli kuna kitu chochote nje ya mawazo yake mwenyewe. Alijaribu pia michezo ya kuita mizimu pamoja na mdogo wake, na baadaye aliwaonya watu kuhusu jambo hilo.

Kilichomtoa shimoni hakikuwa mhubiri wala kitabu cha teolojia. Kilikuwa wazo moja dogo: kwamba kuwapo tu, hata kwa kiwango cha chini kabisa, ni jambo la ajabu kiasi cha kustahili shukrani. Aliishikilia shukrani hiyo kama mtu anayeshika uzi mwembamba gizani. Kisha likaja swali ambalo hakuweza kulikwepa: nikishukuru, namshukuru nani?

Mwaka 1901 alimwoa Frances Blogg, mwanamke Mwanglikana aliyesali na kuishika dini yake kwa dhati. Chesterton alikiri kwamba kwa mke wake ndipo alipoanza kuuona Ukristo kama kitu cha kuishi, si cha kujadili tu.

Soksi na miguu

Mwaka 1903 mhariri wa gazeti, Robert Blatchford, alitoa kitabu cha kuupinga Ukristo. Chesterton, akiwa na umri usiofika miaka 30, alimjibu gazetini. Mwaka 1908 akatoa kitabu chake kiitwacho Orthodoxy, na humo ndimo alimozungumzia Baba Krismasi.

Ni desturi ya watoto wa Uingereza kutundika soksi usiku wa mkesha wa Noeli na kuikuta asubuhi imejaa pipi na vitu vya kuchezea. Chesterton aliona kwamba watoto hushukuru kwa sababu ya vilivyomo ndani ya soksi. Akajiuliza mbona yeye asishukuru kwa miguu miwili inayoingia katika soksi zake kila asubuhi. Mahali pengine aliandika kwamba yaliyowapata rafiki zake yeye yalimpata kinyume. Kwao Baba Krismasi alipungua hadi akatoweka, bali kwake aliyetoa zawadi alizidi kuwa mkubwa. Zamani alishukuru kwa midoli michache, na sasa anashukuru kwa nyota, barabara na bahari.

Tuipime hoja hii kama tunavyofundishwa darasani, maana ni rahisi kuifurahia bila kuielewa.

Kwanza, mtoto anapogundua ukweli kuhusu Baba Krismasi, hagundui kwamba zawadi ilijileta yenyewe. Hugundua kwamba alikosea kuhusu nani aliyeileta. Mtoaji yupo, tena ni wa karibu zaidi na anampenda zaidi kuliko yule mzee wa ndevu nyeupe. Kukua kwake kulikuwa kumtambua mtoaji wa kweli.

Pili, hao wazazi nao hawakujipa uhai. Ukiuliza zawadi ilitoka wapi, utajibiwa kuwa ilitoka dukani, na fedha ilitoka katika kazi ya baba. Lakini ukiuliza baba mwenyewe, na kazi, na duka, na dunia nzima vinatoka wapi, huwezi kujibu kwa kutaja kitu kingine kimoja zaidi kati ya vile vile vilivyopokea uwepo wao. Hapa Chesterton anakutana na Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye katika njia yake ya tatu huanzia kwenye vitu vinavyoweza kuwapo au kutokuwapo, na kufikia Yule ambaye hana budi kuwapo. Baba Krismasi, hata angekuwapo kweli, angekuwa mmoja wa wanaopokea. Kwa hiyo kumlinganisha na Mungu ni kulinganisha mtu mmojawapo wa yale maigizo na aliyelitengeneza jukwaa.

Tatu, hakuna mtu mzima mwenye akili timamu anayerudi kumwamini Baba Krismasi baada ya miaka 20 ya kufikiri. Wanaomrudia Mungu hivyo ni wengi. Idadi yao haithibitishi kwamba wako sahihi, lakini inaonyesha kwamba mambo haya mawili si ya aina moja.

Hata hivyo tusidai zaidi ya haki. Moyo wa shukrani peke yake si uthibitisho. Mtu anaweza kutamani kumshukuru mtu ambaye hayupo. Shukrani hufungua swali, na akili lazima ilifanyie kazi.

Soksi ilipokuwa tupu

Kuna pingamizi zito kuliko lile la Baba Krismasi: je, shukrani hiyo itadumu pale zawadi inapokosekana? Gilbert na Frances walitamani sana watoto, hawakujaliwa. Mwishoni mwa mwaka 1914 Chesterton aliugua vibaya, akalala miezi kadhaa akiwa karibu na kifo, ndipo alipopata nafuu wakati wa Pasaka ya 1915. Kisha vita vikamchukua Cecil. Alifariki katika hospitali ya jeshi huko Ufaransa tarehe 6 Desemba 1918, vita vikiwa vimekwisha. Ni siku ambayo Kanisa humkumbuka Mtakatifu Nikolasi, yule askofu wa Myra ambaye ukarimu wake ndio chanzo cha hadithi ya Baba Krismasi.

Chesterton hakuandika kwamba hakuumia. Alilichukua gazeti la mdogo wake akaliendesha, ingawa lilimchosha na kumla fedha. Tarehe 30 Julai 1922, akiwa na miaka 48, alipokelewa katika Kanisa Katoliki mjini Beaconsfield na rafiki yake Padre John O'Connor, ambaye ndiye aliyempa wazo la kumbuni Padre Brown, padre mpelelezi wa hadithi zake. Mji haukuwa bado na kanisa la Kikatoliki. Ibada ilifanyika katika chumba cha hoteli. Alipoulizwa kwa nini amejiunga, jibu lake fupi lilikuwa kwamba alitaka kuondolewa dhambi zake. Frances alimfuata mwaka 1926.

Mwaka 1933 alitoa kitabu juu ya Mtakatifu Thomas, ambacho Étienne Gilson, mwanafalsafa aliyetumia maisha yake kumsoma Thomas, alikisifu sana. Chesterton alifariki tarehe 14 Juni 1936.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Baadhi ya aliyoyaandika kuhusu Wayahudi yanaumiza, na hatupaswi kuyafunika. Mwaka 2019 Askofu Peter Doyle wa Northampton alitangaza kwamba hatafungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na suala hilo lilikuwa mojawapo ya sababu alizozitaja.

Lakini kwa frateri au mwanaparokia anayechekwa kwa kuamini, Chesterton ameacha njia ya kujibu bila hasira. Bwana Yesu alitutaka tuwe kama watoto, na Mtume Paulo alituambia tuache mambo ya kitoto. Chesterton aliyatii yote mawili: aliacha kutundika soksi, hakuacha kushukuru. Kesho asubuhi, kabla ya kengele ya sala, kila mmoja wetu atavaa viatu. Tuanzie hapo, kisha tuulize kwa akili zetu zote ni nani wa kushukuriwa.