Qadhi Shurayh: Hakimu Aliyemdai Khalifa Ushahidi



Miaka ya nyuma, kabla ya daraja, nilikuwa nasubiri kivuko pale Kigongo, Mwanza. Watu walikuwa wamemzunguka kijana aliyeshikwa na simu, kila mmoja akimwita mwizi. Mzee mmoja mwenye tenga la samaki akauliza ni nani aliyemuona akiiba. Hakuna aliyejibu. Hapo nikamkumbuka Qadhi Shurayh bin al-Haarith al-Kindi, Allah amrehemu.

Asili yake ni Yemen. Wengi wa Maulamaa wanamhesabu katika Taabi'in. Alijulikana kwa kisa cha farasi: Sayyidna 'Umar (Radhi za Allah ziwe juu yake) alinunua farasi, akampanda, akachechemea, akataka kumrudisha. Wakamfanya Shurayh mwamuzi, naye akamwambia Amiri wa Waumini ama abaki naye, ama amrudishe akiwa mzima kama alivyomchukua. 'Umar hakukasirika, alimteua kuwa Qadhi wa Kufa. Akadumu katika kazi hiyo miongo mingi, na wapo wanaotaja miaka 60.

Kisa chake mashuhuri ni cha deraya. Sayyidna 'Ali, naye ni Khalifa, aliiona deraya yake mikononi mwa Myahudi. Shurayh akamtaka mashahidi. Akamleta mwanawe Hasan. Ushahidi wa mtoto kwa mzazi wake haukupokelewa. Deraya ikabaki kwa aliyeishika, naye akasilimu kwa alichokiona. Wajuzi wa Hadithi wameitia kasoro sanadi ya kisa hiki, na ni amana kulisema hilo. Lakini hukumu iliyomo ni sahihi, kwani Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wasallam) ndiye aliyeweka msingi kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na kiapo ni juu ya anayekana. Ama katika hudud, shaka ikiingia adhabu huondoka.

Siku moja mwanamke alifika barazani akilia. Ash-Sha'bi, aliyekuwepo, akamuona kuwa amedhulumiwa. Shurayh akamkumbusha kwamba ndugu zake Yusuf nao walimwendea baba yao usiku wakilia. Inapokewa pia kuwa ndiye wa kwanza kuwachunguza mashahidi kwa siri. Na mwanawe alipomdhamini mtu akatoroka, alimfunga mwanawe, kisha akawa anampelekea chakula gerezani.

Mahakama zetu nazo zina mlango huu. Katika Mahakama Kuu, Jaji alipokuwa akikaa na wazee wa baraza alitakiwa awafafanulie, kabla hawajatoa maoni, kwamba wa kuthibitisha ni upande wa mashitaka, pasipo kuacha shaka ya msingi, na mshitakiwa hana deni la kuthibitisha kuwa hana hatia. Si mara moja Mahakama ya Rufani imefuta kesi za mauaji kwa sababu wazee hawakuelekezwa ipasavyo. Uingereza maelekezo kama hayo hupewa raia 12. Kwenye mkusanyiko wa barabarani hakuna wa kuyatoa.

Shurayh alifariki akiwa mkongwe sana, na baadhi ya wanahistoria wanataja mwaka 78 Hijria.

Yule kijana wa Kigongo aliombwa aifungue simu. Akaweka kidole, ikafunguka, na picha ya mama yake ikatokea kwenye kioo. Ilikuwa simu yake. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshavimba, halifumbuki.